Nani Atakuja Mlangoni Kwako Alfajiri

Hamus Gebeya, 3 Oktoba 1993

Mdogo wangu Wubshet,

Kwanza nikuulize hali. Mgongo umepoa? Baridi ya huko Sweden imeshaanza kukung'ata? Sisi hapa tunapumua, Mungu anatutunza. Mama mzima, ila miguu. Anasema miguu yake imetangulia kuzeeka na yeye anaifuata polepole. Sikukuu ya Meskel imepita salama. Moto uliwaka, nguzo ikaangukia mashariki, wazee wakasema mwaka utakuwa mzuri, kama walivyosema mwaka jana na mwaka juzi.

Mji wetu unauliza habari zako, wale waliobaki. Tangu barabara ya lami ipitishwe kule chini, kilomita saba, basi linapanda huku mara moja kwa wiki, tena likijisikia. Kinu cha unga kimefungwa. Vijana wote wameshuka kwenye lami kama maji. Ukipita barabara kuu saa kumi jioni utasikia viatu vyako mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo. Unamkumbuka Weizero Mamite, muuza pilipili? Mwanawe Dejene amefariki huko Jeddah. Simu ilipigwa posta, na yule karani mgeni, mtoto wa mjini asiye na adabu, akatoka mbio hadi sokoni akamwambia mama wa watu saa sita mchana, yuko peke yake anapima pilipili. "Mama, mwanao amekufa." Hivyo hivyo! Mamite akaanguka juu ya pilipili zake. Mpaka leo haoni vizuri jicho la kushoto.

Idir imekaa kikao. Ato Zewdu, mpiga baragumu wetu, alisimama akafoka: "Tangu lini chama cha mazishi kikanyang'anywa kazi na waya? Msiba hausemwi kwenye simu wala hauandikwi kwenye barua. Watu hungoja alfajiri, hujikusanya, hujifunga shuka zao za gabi, huenda mlangoni. Mfiwa akiona uwanja umejaa, anajua. Lakini anajua akiwa mikononi mwa watu!" Karani amehukumiwa kupasua kuni za Mamite mpaka Kwaresima iishe, siku ya Fasika.

Tangu siku hiyo Mama hana raha. Kila jioni ananiuliza: "Na Wubshet wangu je? Huko aliko, nani atakuja mlangoni kwake alfajiri?" Nimjibu nini? Niandikie majina ya watu, nimsomee alale.

Jambo la pili, Idir inatimiza miaka sitini. Wazee wanataka historia ya mji iandikwe kabla wote hatujashuka kwenye lami. Wamesema ni wewe, ulikuwa mwalimu wetu. Uliza unachotaka, nitakukusanyia.

Dada yako,
Yeshimebet


Sweden, 14 Novemba 1993

Etete, dada yangu mkubwa,

Barua yako imenikuta mzima. Mgongo umenyooka, kazi kwenye kiwanda cha mbao inaendelea, karatasi zangu za kusafiria bado ziko kwa wakubwa zinalala. Nimesikitika sana kwa Dejene. Nilimfundisha hesabu. Hakuwahi kujua saba mara nane, na sasa sijui kwa nini nilimchapa.

Mwambie Mama alale usingizi mnono. Hapa tuko kumi na wanne wa kwetu, jengo moja. Tuna idir yetu pia, ndogo lakini kali. Mwenyekiti ni Ato Shimelis, mtu wa Gojjam, kipara, sauti kama ya shemasi. Yuko Weizero Aster ambaye akianza kulia kwenye msiba hata majirani Wasweden hufunga redio. Kila Jumapili tunachoma kahawa, tunakunywa raundi zote tatu, tunagombana nani ametia chumvi na nani sukari. Nikikohoa usiku, asubuhi watu watatu wameleta dawa. Wakati mwingine natamani waniache nipumue.

Historia nitaiandika kwa moyo wote. Swali la kwanza ni lile nililouliza utotoni nikapigwa kofi. Mji unaitwa Hamus Gebeya, yaani Soko la Alhamisi. Mbona soko letu ni Jumamosi, na Alhamisi hakuna anayethubutu kuuza hata kitunguu? Mama anajua. Yeye ndiye wa mwisho aliyekuwepo. Mwulize.

Wako,
Wubshet


Hamus Gebeya, 2 Januari 1994

Mdogo wangu,

Genna, kuzaliwa kwa Bwana, ni wiki hii, tumefunga mpaka matumbo yameshikana na mgongo. Tunakutakia sikukuu njema wewe na wenzako kumi na watatu. Kuku wetu mwekundu ameliwa na mbweha. Karani wa posta amejua kupasua kuni, na Mamite ameanza kumpa chai, kwa hiyo adhabu imeharibika.

Majina yako nilimsomea Mama mara tatu. Alinikatiza kwa Weizero Aster. "Analia vizuri kweli, au anapiga kelele tu?" Nikamwambia umeandika majirani hufunga redio. Akacheka mpaka akakohoa. Hicho kikohozi sikipendi, lakini tuache. Siku hiyo alilala bila kuuliza.

Kuhusu Alhamisi, nimemwuliza. Aligeuza uso ukutani. Kisha akasema, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie huyo msomi wako kwamba jambo hilo ni la aibu, na aibu haitiwi kwenye bahasha. Akija mwenyewe, akikaa hapa kitandani, nitamwambia. Nilikuwa na miaka tisa. Nilitumwa chungu." Basi. Nikimvuta zaidi ananiambia nikapike.

Mengine kasema kwa furaha. Mikaratusi ya barabarani ilipandwa na wafungwa. Kinu kililetwa na Muarmenia, Musie Kirkor, kwa ngamia, vipande vipande, na jiwe la mwisho lilipotelea mtoni, wakalingoja miezi minane huku injini inameza mafuta bure. Na padri wa zamani, Aba Tekle, alikuwa "gunia la sala lililotoboka". Hilo kasema liandikwe.

Dada yako,
Yeshimebet


Sweden, 13 Februari 1994

Etete,

Nimecheka hapa mpaka watu wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Gunia la sala! Nimeliandika kama lilivyo.

Hapa theluji imefika kwenye kingo za madirisha. Weizero Aster amejaribu kuchachua injera, mkate wetu, kwa unga wa ngano, imetoka kama kitambaa cha kufutia meza, na sote kumi na wanne tumeila tukamsifu, kwa sababu ni mwanamke wa kununa. Ato Shimelis kanikumbusha nisisahau kumsalimu Mama. Anamwita "mama yetu".

Nimeshaandika kurasa thelathini. Nimechora ramani ya mji kwa kumbukumbu: kinu, posta, kanisa, duka la Musie Kirkor, nyumba yetu, na kisima. Nikikosea njia ya kwenda kisimani silali, nainuka kuirekebisha. Ni ajabu, Etete, nakumbuka jiwe la kukanyagia mlangoni kwa Mamite, lakini sikumbuki rangi ya mlango wangu hapa mpaka nitoke nje.

Mbembeleze Mama aniambie ya Alhamisi sasa hivi. Asiningoje. Nasema nitakuja Fasika ya mwakani, lakini ninyi mnajua nimesema hivyo mara ngapi.

Wubshet


Hamus Gebeya, 10 Aprili 1994

Mdogo wangu,

Tunakusalimu sote. Mvua ndogo zimekuja mapema. Mamite anakusalimu, Ato Zewdu anakusalimu. Mama anakusalimu.

Samahani nimechelewa kuandika, kazi zilikuwa nyingi. Nimenyoa nywele zangu zote, kichwa kilikuwa kinawasha.

Lile swali la Alhamisi, Mama anasema ni kwamba Aba Tekle, yule padri mtakatifu, aliota ndoto njema kuhusu Jumamosi, watu wakafurahi wakahamisha soko. Andika hivyo. Nadhani inatosha.

Naomba jina kamili la Ato Shimelis na mahali pa kumwandikia. Ni kwa ajili ya historia, wazee wanataka kujua idir za ugenini zinaendeshwaje.

Unakula vizuri? Usikae peke yako sana.

Yeshimebet


Sweden, 22 Mei 1994

Etete,

Nimeipata. Nimeisoma zaidi ya mara moja.

Natumaini Fasika ilikuwa njema. Hapa jua karibu halizami sasa, linazunguka tu juu ya misitu kama mtu aliyesahau kwake. Nafanya kazi, narudi, nalala na mwanga.

Hiyo ya Aba Tekle sijaiandika. Mama asingemwita yule mtu mtakatifu hata kwa kulipwa. Nadhani amechoka. Usimsumbue tena na maswali yangu. Sitauliza tena.

Kichwa kikiacha kuwasha, acha nywele ziote.

Ato Shimelis Wondafrash, anwani ni hii hii yangu, andika tu jina lake juu. Lakini kwa nini haraka? Ana shughuli nyingi kiangazi, huenda asijibu. Wazee wanaweza kungoja. Mambo yote yanaweza kungoja, Etete. Mimi siku hizi si mtu wa haraka.

Wubshet


Hamus Gebeya, 3 Julai 1994

Kwa mheshimiwa Ato Shimelis Wondafrash, mwenyekiti wa idir,

Mimi ni Yeshimebet, dada wa Wubshet. Hatujaonana, ila jina lako tunalo nyumbani kama la ndugu. Pokea heshima zangu, na salamu kwa Weizero Aster na wote kumi na watatu mnaomzunguka mdogo wangu.

Mama yetu, Weizero Askale, amefariki tarehe 11 Machi, Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, kifua. Alizikwa kwa heshima, baragumu lilipigwa, hema lilisimama siku zote. Nimemficha Wubshet miezi minne. Nimemwandikia "Mama anakusalimu" kwa mkono huu, na mkono haukukatika. Nilikuwa nangoja anwani yako, kwa kuwa hatutaki apate kama alivyopata Mamite wetu, peke yake mchana.

Unajua desturi kuliko mimi, lakini nivumilie, niiandike, nitatulia. Nendeni alfajiri, kabla hajatoka kwenda kazini wala kunawa uso. Msipungue saba. Weizero Aster atangulie. Msigonge kwa nguvu. Mwanamume mmoja asimame nyuma yake, maana baba yetu alipofariki Wubshet alijipiga kichwa ukutani, kovu liko juu ya nyusi. Msimwambie neno mpaka akae. Akilia mwacheni alie, asinyamazishwe na mtu mwenye haraka. Wekeni kahawa na nafaka za kuchemsha, atakataa, mlazimisheni siku ya pili. Asilale peke yake siku tatu.

Kisha niandikieni alivyolia. Nitajua ameshajua, na mimi nitaweza kulala.

Dada yenu,
Yeshimebet


Sweden, 14 Agosti 1994
(Barua hii haikupelekwa posta.)

Etete,

Mtu wa posta ameitia barua ya Ato Shimelis kwenye sanduku langu. Angeitia wapi? Ndilo sanduku pekee hapa lenye jina la kwetu.

Shimelis alikuwepo. Alihamia kusini mwaka 1989, akaniachia sufuria na kalenda. Aster hajawahi kuwepo. Wale wengine nao hawajawahi. Niliwaandika mmoja mmoja ili Mama alale, halafu nikawazoea. Jumapili nilikuwa nachoma kahawa kweli, nanywa raundi zote tatu, na nikawa najua kila mmoja angesema nini.

Mkono wako niliujua kwenye bahasha. Nilijua ndani kuna nini tangu siku uliyoniambia umenyoa, maana kwetu mwanamke hanyoi ila msibani. Ningeweza kuiacha imefungwa. Niliiweka mezani siku mbili, nikaenda kazini, nikarudi, nikaifungua nimesimama, bado nimevaa viatu vya kazi. Ilikuwa saa nane mchana. Nikasoma "asilale peke yake siku tatu". Nikaikunja, nikaosha kikombe, nikarudi zamu ya jioni.

Sijalia. Nimengoja kulia, hakuji. Sijui mtu anaanzaje peke yake.

Usijilaumu. Ulifuata desturi neno kwa neno. Mimi ndiye niliyekudanganya, na uongo wangu ndio uliokuja kunibishia hodi.


Sweden, 21 Agosti 1994

Kwa Weizero Yeshimebet,

Poleni sana kwa msiba wa mama yetu. Barua yako imefika na tumefanya kama ulivyoagiza.

Tulikwenda alfajiri ya Jumapili. Tulikuwa wengi, ngazi zilijaa. Weizero Aster alitangulia. Mwanamume mmoja alisimama nyuma yake, hakuumia. Alilia sana, na hakuna aliyemnyamazisha. Kahawa alikataa siku ya kwanza, siku ya pili akanywa. Tulilala kwake siku tatu, mablanketi hayakutosha tukafunikana makoti.

Anaendelea vizuri. Ameomba usiwe na wasiwasi, ulale. Hakuwa peke yake hata dakika moja.

Shimelis Wondafrash
Mwenyekiti


Hamus Gebeya, 9 Oktoba 1994

Mdogo wangu Wubshet, mtoto wa mama yangu,

Pole. Sasa naweza kuiandika. Pole, pole, pole. Barua ya Ato Shimelis imefika. Mpe shukrani zangu, mwambie ana mwandiko mzuri, ile mikia ya herufi zake nimeikazia macho sana.

Mama hakuteseka muda mrefu. Jioni ya mwisho aliomba nimsomee majina ya wenzako. Nilipofika kwa Aster akainua kidole, kama kusema huyo huyo. Alizikwa na watu wengi kuliko tulivyofikiri bado wapo hapa. Walipanda kutoka kwenye lami, wale vijana wote, wakiwa na viatu vyao vya mjini mikononi. Kwa siku tatu mji ulikuwa kama zamani, nikawa nikitoka hemani nasahau, nataka kwenda kumwambia Mama: njoo uone, wamerudi. Siku ya nne walishuka. Nimebaki na viti na kitanda. Usiku nasikia panya wa kinuni, hata wao wanahama. Sikuandikii ili ulie upya. Nakwambia tu nami niko hivi.

Idir ilikaa Jumamosi iliyopita baada ya mimi kuwaonyesha barua ya Ato Shimelis. Walichokizungumza hakikuhusu. Lakini katika kikao hicho Ato Zewdu alisema ya Alhamisi, aliyoambiwa na baba yake, na sasa uandike ilivyo.

Palikuwa na mwanamke muuza vyungu, mgeni, ametoka mbali, hakuna aliyejua jina wala kabila lake. Alikuja soko la Alhamisi akakaa nyuma ya vyungu vyake, shuka imefunika kichwa. Watu wakanunua kushoto, wakanunua kulia. Mtoto wa miaka tisa akatumwa chungu. Akamsemesha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mama wa watu hajibu, mtoto akamtukana kwamba anaringa, akaenda zake. Soko likavunjika jioni. Ndipo wakaona amekufa tangu asubuhi, na siku nzima watu walipita wakibishana bei juu ya maiti. Mtoto huyo alikuwa Mama.

Mji ulishikwa na aibu. Wakamzika wao wenyewe, wakakaa msibani siku tatu kwa mtu wasiyemjua, na kwa kuwa hakuwa na wa kumpigia baragumu, wakanunua baragumu. Huo ndio mwanzo wa Idir. Alhamisi hapauzwi kitu tena. Zewdu alipomaliza, mzee mmoja akasema, "Sasa tumeelewa kazi yetu ni ipi," wakaniambia nitoke nje.

Basi. Kula. Jumapili asubuhi usiwe unatokatoka, baki chumbani. Nisikilize hivyo hivyo, usiniulize kwa nini.

Dada yako,
Yeshimebet


Sweden, 18 Desemba 1994

Etete wangu,

Naandika nimekaa kitandani, kwa sababu viti vyote viwili vimekaliwa.

Leo saa kumi na mbili asubuhi, giza totoro, theluji inaanguka, nimesikia mlango. Si kwa nguvu. Nilikuwa macho. Kwa miaka mitano hakuna aliyegonga mlango huu ila mtu wa kusoma mita. Nikafikiri kuna bomba limepasuka. Nikafungua hivyo hivyo na fulana.

Palikuwa na watu watatu kwenye ngazi. Wamejifunga gabi juu ya makoti, na gabi zimelowa theluji. Mwanamke mzima mbele, wanaume wawili nyuma. Sijawahi kuwaona maishani. Hawakusema kitu. Na mimi, niliyejua tangu Agosti, niliyesoma tarehe na ugonjwa na kila kitu kwa macho yangu, nikazitazama zile gabi, nikajua. Etete, nikajua pale pale, kama mtu ambaye hajaambiwa kamwe.

Mwanamke akanishika mikono yote miwili. "Kaa kwanza, mwanangu. Kaa." Sikuweza kukaa. Mmoja wa wanaume alikuwa ameshanizunguka nyuma, nikasikia mkono wake kati ya kichwa changu na ukuta. Nikajua nani kamwagiza. Yule mama akasema, "Weizero Askale ametutangulia." Nikauliza, "Lini?" Nilijua lini! Lakini nikauliza, na akaniambia, na sauti iliyonitoka siijui. Majirani wamegonga ukuta. Yule mama akagonga ukuta naye, kwa ngumi, kwa hasira, akaendelea kulia. Hakuwahi kumwona Mama. Alimlilia kwa jina, akamwita mwenye mwana mmoja wa kiume, akamwita mwenye miguu iliyotangulia kuzeeka. Kumbe yote hayo mmeandika.

Walipoona nimetulia kidogo wakanionyesha barua yenye mhuri wa Idir yetu. Imetoka kwenu ikaenda kwa idir moja Addis, ya Addis ikaiandikia idir ya mji mkuu wa huku, na wa huku wakapiga kura nani aendeshe gari kwa muda wa saa kumi na moja kwenye barafu. Nimeisoma mwenyewe. "Mtoto wetu Wubshet yuko peke yake na ameshapata habari. Dada yake ametambua mwandiko. Tunaomba mwende kana kwamba hajui, maana kwa kweli hajaambiwa."

Ulijua. Ulimshukuru Shimelis, ukasifu mikia ya herufi zake, na ulijua. Nami nina haya mpaka masikioni, lakini haya hii ni afadhali kuliko ile nyingine. Hakuna Aster, Etete. Nilimtunga. Nimewaambia hawa pia. Yule mama kaniuliza, "Alikuwa analia vizuri?" Nikasema majirani walikuwa wanafunga redio. Tumecheka, msiba na kicheko pamoja, kamasi zinatutoka.

Jina lake Weizero Zenebu. Mama yake mzazi alikuwa ananunua pilipili Hamus Gebeya. Kahawa iko kwenye sufuria aliyoniachia Shimelis, nafaka ziko motoni, na mmoja wa wanaume anakoroma sakafuni amejifunika koti langu. Wamesema hawaondoki mpaka keshokutwa.

Nikate hapa. Weizero Zenebu anasema mwandishi gani huyu asiyekula, na sahani ni moja. Tuko wanne.

Mdogo wako,
Wubshet